Haki na Hisani katika Matumizi ya Nyumba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Miongoni mwa mambo yavunjayo nyumba za Waislamu katika zama hizi liko moja ambalo watu huona haya kulitaja, nalo ni fedha. Mume na mke wakija mbele ya wazee wataeleza habari za ulimi mkali, na wivu, na mashemeji na mawifi. Lakini ukiwasikiliza kwa utulivu mpaka mwisho, utakuta chini ya maneno hayo yote limelala swali moja: Nani alipe? Nani alipe kodi ya nyumba, nani anunue umeme, nani atoe fedha za sokoni? Na mke akiwa na kazi yake na pato lake, je, fedha zile ni zake au ni za nyumba? Mwezi huu tumeona yatupasa tuliseme jambo hili waziwazi, kwa faida ya walio katika ndoa na ya vijana ambao wangali wakitafuta wachumba.

Si kweli kwamba wanawake wa zamani hawakuchuma. Bibi zetu wa pwani walisuka mikeka na kushona kofia, walipika vitumbua na mikate ya kumimina wakauza, na wengine walimiliki minazi na nyumba. Lakini mambo ya mjini siku hizi yamekuwa mengine. Kodi ya nyumba hudaiwa miezi kadhaa kwa mkupuo, umeme hununuliwa kabla haujatumika, maji yana ankara yake, na mtungi wa gesi ukiisha hauulizi kama mshahara umekwisha kutoka. Mke naye ni mwalimu, au muuguzi, au fundi, au ana biashara yake, na fedha zake zimo katika simu yake ambayo mumewe hajui namba yake ya siri. Hapo ndipo swali lilipopata nguvu.

Shauri lililoletwa barazani

Mwaka uliopita walitujia mume na mke vijana wa Dar es Salaam, nao wametupa ruhusa kueleza habari yao isipokuwa majina yao. Mume ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na baada ya makato hupata shilingi 700,000 kwa mwezi. Mke ni fundi cherehani. Hushona mabaibui na sare za wanafunzi, na katika mwezi wa kawaida hubakiwa na shilingi 300,000. Walipooana walikubaliana kwamba, kwa kuwa wote wawili wana kazi, matumizi yote watayagawa nusu kwa nusu. Mume akanunua daftari, akapiga mistari, na kila mwisho wa mwezi wakaketi pamoja kuandika.

Tuliliona daftari lile. Lilikuwa safi, wala halikuwa na udanganyifu hata wa shilingi moja. Kodi ya vyumba viwili ilikuwa 150,000. Chakula, kwa 10,000 kila siku, kilikuwa 300,000. Umeme 30,000, maji 20,000, gesi na mkaa 60,000, sabuni na vitu vidogo vya nyumbani 40,000. Jumla yake ni 600,000, na kila mmoja alitoa 300,000.

Mambo yakaenda hivyo kwa muda wa miaka miwili. Ilipokuja Ramadhani na kazi ya mishono ikazidi, mke alipata ziada. Fedha hizo, pamoja na fedha zake za upatu, zilifika 1,200,000, naye akampa mumewe ziingie katika kununua kiwanja. Hati ya kiwanja iliandikwa jina la mume peke yake. Kisha Mwenyezi Mungu akawaruzuku mtoto. Mke hakuweza kukaa kwenye cherehani muda wa miezi mitatu. Daftari lakini halikupumzika. Kila mwezi mume aliandika upande wa mkewe deni la 300,000, na mtoto alipotimiza miezi mitatu deni lile lilikuwa 900,000. Siku mke aliporudi kazini, mume akamkumbusha deni lake, kwa upole na bila ya kupandisha sauti. Mke hakujibu neno. Alifunga nguo zake na za mtoto akaenda kwa mama yake.

Mume alipoulizwa barazani alisema: "Sikumpiga, sikumtukana, wala sikumnyima. Hesabu hizi ni zile tulizokubaliana." Mke naye alipoulizwa alisema neno moja tu: "Nilidhani nimeolewa, kumbe nimepangishwa."

Hatukumwona yule kijana kuwa mtu mbaya. Alikuwa mkweli wa hesabu, naye alidhani ukweli wa hesabu ndio uadilifu wenyewe. Wenzake kazini walimwambia kwamba ndivyo wanavyoishi watu waliostaarabika. Kwa hiyo jambo la kwanza tulilolifanya lilikuwa kulitazama daftari lake lenyewe.

Nusu kwa nusu si lazima iwe sawa kwa sawa

Mtu mwenye 700,000 akitoa 300,000 hubakiwa na 400,000. Mtu mwenye 300,000 akitoa 300,000 habakiwi na kitu. Basi wawili hawa walitoa sawa, lakini hawakubeba sawa. Mmoja alibeba mzigo akabaki na nguvu za kujenga, na wa pili alibeba mzigo uleule akabaki mikono mitupu, hata akitaka viatu hungoja Idi.

Tena daftari lile lilikuwa na safu ya umeme na safu ya sabuni, lakini halikuwa na safu ya kupika, wala ya kufua, wala ya kukesha na mtoto mwenye homa. Mke alifanya kazi hizo kila siku, na hakuna aliyeziandika. Miezi mitatu ya uzazi iliandikwa kuwa ni miezi ambayo mke hakuchangia nyumba, ilhali katika miezi hiyo ndiyo aliyoleta na kunyonyesha mtoto wa nyumba ile.

Wako wasemao kwamba dawa yake ni kugawa kwa kadiri ya pato: katika kila kumi, mume atoe saba na mke atoe tatu. Hapo mume angetoa 420,000 akabaki na 280,000, na mke angetoa 180,000 akabaki na 120,000. Hesabu hii ni njema kuliko ile ya kwanza, wala hatuwalaumu mume na mke wanaoifuata kwa kuridhiana. Lakini Uislamu hauanzii hapo. Mgao wa namna hii hufaa watu wawili waliokodi nyumba pamoja, au washirika wa duka, ambao hakuna mmoja aliyechukua dhamana ya mwenzake. Katika miji mingi ya Ulaya, na hata katika miji yetu, watu huishi kinyumba bila ya ndoa na kugawana gharama hivyo, na wakiachana kila mmoja huchukua sufuria yake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inakubali kwamba waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kwa watu kuwa ni mke na mume waweza kudhaniwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe kinyume chake. Lakini kwa Mwislamu maisha hayo hayana ruhusa, wala kukaa muda mrefu hakuyageuzi kuwa nikahi. Ndoa ni mkataba wenye walii, mashahidi na mahari, na katika mkataba huo mume huchukua dhamana tangu siku ya kwanza.

Sharia yaanzia wapi

Katika sura ya An-Nisaa, aya ya 34, Mwenyezi Mungu amewafanya wanaume kuwa wasimamizi wa wake zao, na mojawapo ya sababu alizozitaja ni mali wanazozitoa. Watu wengi hupenda kuisoma nusu ya kwanza ya maana hiyo wakaisahau ya pili. Usimamizi una gharama yake. Anayetaka heshima ya kuwa mkuu wa nyumba, na wakati huohuo anataka mkewe alipe nusu ya nyumba, ametaka bei ya kitu bila ya kukiuza.

Katika sura ya At-Talaq, aya ya 7, tumefundishwa kwamba mwenye wasaa atoe kwa wasaa wake, na aliyepunguziwa riziki atoe katika kile alichopewa, kwani Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya alichoipa. Katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliwausia watu juu ya wake zao, na akataja kwamba ni haki yao kupata chakula na mavazi kwa wema. Wanachuoni huyaita matumizi haya nafaqa, nayo ni chakula, mavazi, makazi na vyombo vya kuendeshea nyumba kwa kadiri ya desturi ya mahali.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani yetu, chakula cha mke kimewekewa hata kipimo: mume maskini hupaswa kutoa mudi moja ya chakula cha nchi kila siku, wa kati na kati mudi moja na nusu, na tajiri mudi mbili. Mudi nne ni saa moja, kama vibaba vinne vilivyokuwa pishi moja katika vipimo vya wazee wetu. Siku hizi hakuna apimaye kwa kibaba, lakini maana iliyomo ni kubwa. Kwanza, wajibu huu hutazama hali ya mume na haungojei mke awe mhitaji. Mke hata akiwa tajiri haki yake ipo palepale. Pili, mume asipoitoa haki hiyo haifi kwa kupita siku. Huwa ni deni juu yake. Basi kama palikuwa na deni la kuandikwa katika daftari lile, lilipasa kuandikwa upande mwingine.

Na mali ya mke ni yake. Katika sura hiyohiyo ya An-Nisaa, aya ya 32, wanaume wametajiwa fungu katika walichokichuma, na wanawake wametajiwa fungu katika walichokichuma wao. Hata mahari aliyoyatoa mume mwenyewe hana ruhusa kuyala ila mke akimwachia kitu kwa ridhaa ya nafsi yake, kama ilivyo katika aya ya 4. Tukumbuke kwamba Uingereza, ambayo baadhi yetu huitazama kuwa ndiyo iliyomfungua mwanamke, ilingoja mpaka sheria za mwaka 1870 na 1882 ndipo mwanamke aliyeolewa akaruhusiwa kumiliki pato lake na kisha mali yake kwa jina lake mwenyewe. Mwislamu wa kike alikuwa na haki hiyo tangu karne ya saba.

"Lakini tulikubaliana"

Kijana wetu alituuliza: "Je, mapatano yetu hayana thamani?" Swali hili ni zuri, kwani Mwislamu huheshimu ahadi.

Jawabu ni kwamba mapatano ya kuondoa wajibu wa mume hayamfungi mke. Wanachuoni wa Kishafii wamesema kwamba mtu akiweka sharti katika nikahi kwamba hatamlisha mkewe, nikahi husihi na sharti hubatilika. Tena haki ya mwezi ujao haijaja bado, na mtu hawezi kusamehe kitu ambacho hakijathibiti. Mke akipenda aweza kusamehe yaliyopita. Aweza pia kutoa chake mwezi huu kwa moyo mkunjufu, na mwezi ujao asitoe, wala haitwi mvunja ahadi.

Na ile miezi mitatu ya uzazi ndiyo iliyotuhuzunisha zaidi. Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 233, baba amewekewa chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye. Yaani wakati uleule ambao Kurani imemtaja mke kuwa ni wa kutunzwa, daftari lilimwandika kuwa ni mdaiwa. Tulipomsomea kijana maana ya aya hii alinyamaza kitambo, kisha akaomba kalamu. Alipiga mstari juu ya 900,000 mbele yetu.

Hisani haina mpaka

Hapo baadhi ya wanawake waliokuwa wakisikiliza nyuma ya pazia walifurahi. Lakini hatukumalizia hapo, wala msomaji asituhukumu kwamba twawafundisha wake kufunga mikoba yao huku nyumba ikizama.

Haki ni msingi wa nyumba, lakini hakuna akaaye juu ya msingi peke yake. Mwenyezi Mungu ametuagiza katika sura ya Al-Baqara, aya ya 237, tusisahau fadhila baina yetu. Na aya hiyo imekuja katika habari za watu wanaoachana! Ikiwa wanaoachana wametakiwa kufanyiana fadhila, itakuwaje kwa wanaolala chini ya paa moja?

Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara mwenye mali, na mali yake ilikuwa nguzo ya Mtume (s.a.w.) katika siku za dhiki. Hakuambiwa kutoa, bali alitoa kwa mapenzi. Zaynab, mkewe Abdullah bin Masuud, alitaka kujua kama aweza kumpa sadaka mumewe na mayatima waliokuwa chini ya malezi yake, akapewa habari na Mtume (s.a.w.) kwamba ana thawabu mbili, ya ujamaa na ya sadaka. Tazama, ndugu msomaji, hekima iliyomo. Fedha za mke zilizoingia katika chungu cha nyumba zimeitwa sadaka, hazikuitwa kodi. Mume azipokee kama mtu apokeavyo sadaka, yaani kwa shukrani na kwa dua, wala asizipokee kama mwenye nyumba apokeavyo kodi ya chumba.

Kwa upande wa mume pia mlango wa thawabu u wazi. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba katika dinari zote azitoazo mtu katika njia za kheri, yenye ujira mkubwa ni ile anayoitoa kwa watu wa nyumbani kwake, na kwamba hata tonge aitiayo kinywani mwa mkewe ina malipo. Naye mwenyewe, kama alivyosimulia Bibi Aisha (r.a.), alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Mume ambaye kweli hana fedha bado ana mikono.

Mume akiwa bahili, na mume akiwa hana

Mambo mawili haya lazima yatengwe, kwani watu wengi huyachanganya.

Bahili ana lakini hatoi. Hind binti Utba alimshitaki mumewe Abu Sufyan kwa Mtume (s.a.w.) kwamba hampi yeye na mwanawe ya kuwatosha. Akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na mwanawe kwa wema. Neno "kwa wema" ndilo mpaka. Ni ruhusa ya unga, mafuta na nguo za mtoto. Si ruhusa ya kupekua mifuko ya mtu akiwa amelala ili kununua dhahabu.

Asiye na kitu ni mtu mwingine. Amefukuzwa kazi, ameugua, au biashara yake imeungua. Sharia ya Kishafii imempa mke haki ya kudai kwa kadhi ndoa ivunjwe ikiwa mume ameshindwa kabisa na matumizi, lakini imempa pia nafasi ya kusubiri, na akitumia mali yake kwa nia ya kumkopesha mumewe, ni deni la halali. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 456 wa Hijra, alikwenda mbali zaidi akasema mume akiwa maskini na mke ni tajiri, mke ni wajibu kumlisha. Wengi wa wanachuoni hawakumfuata. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1971 imemwekea mume wajibu wa makazi, mavazi na chakula, na imemwekea mke mwenye uwezo wajibu wa kumtunza mumewe pindi akishindwa kuchuma kwa maradhi ya mwili au ya akili. Tunisia nayo, katika mabadiliko ya sheria yake mwaka 1993, ilimtaka mke mwenye mali achangie matumizi ya nyumba. Hivyo tunaona kwamba nchi na wanachuoni wamelitazama jambo hili kwa njia mbalimbali, lakini mwanzo wake katika madhehebu yetu hauna shaka: wajibu ni wa mume, na la mke ni hisani au ni mkopo.

Kiwanja, nyumba na jina katika hati

Chakula huliwa kikaisha, lakini kiwanja hubaki. Hapa ndipo wanawake wengi wanapoumia. Mke hutoa fedha zake za upatu zikanunua saruji na mabati, na hati huandikwa jina la mume. Mume akifa, mali yote huhesabiwa kuwa ya mume, ndugu wakaja kurithi hata kile ambacho hakikuwa cha marehemu. Na mke aliyejenga nusu ya nyumba hupewa thumuni yake akiwa na watoto wa marehemu, tena hugawana na wake wenzake ikiwa wapo. Kosa halimo katika sheria ya mirathi. Kosa limo katika kutoandika, hata mali ya mtu aliye hai ikarithiwa.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi mashuhuri ya mwaka 1983, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo huhesabiwa kuwa ni mchango katika mali iliyopatikana ndani ya ndoa. Kenya, kwa sheria yake ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013, imewaachia Waislamu nafasi ya kufuata sharia yao katika mambo hayo. Indonesia, katika mkusanyo wake wa sheria za Kiislamu wa mwaka 1991, imeweka nusu kwa nusu katika mali iliyochumwa pamoja ndoa inapovunjika kwa talaka. Lakini kwa nini tungoje mahakama? Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara, yafundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Na wazee wetu wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi tukamwambia yule kijana asilitupe daftari lake. Lilikuwa chombo kizuri kilichotumiwa mahali pasipo pake. Lifungwe katika unga na sabuni, lifunguliwe katika kiwanja.

Mapatano mapya

Waliketi tena mbele ya wazee wa pande mbili. Mume alikubali kuchukua kodi, chakula, umeme, maji, kuni na dawa. Hesabu yake ilikuwa 600,000 katika pato la 700,000, naye humpelekea mama yake 50,000 kijijini kila mwezi. Hakuficha kwamba imemtisha. Mke ndiye aliyetafuta njia. Walianza kununua mchele, unga na maharagwe kwa jumla mwanzo wa mwezi badala ya kupima kilo moja moja dukani, na chakula kikashuka kutoka 10,000 hadi 8,000 kwa siku. Matumizi yakawa 540,000. Mume hubakiwa na 160,000, na akishamtumia mama yake hubakiwa na 110,000.

Mke alijitolea kulipa mshahara wa msichana amsaidiaye na mtoto anapokuwa kwenye cherehani, kwa kuwa gharama ile yatokana na kazi yake. Wako wanachuoni wa zama hizi waonao kuwa mapatano ya namna hiyo yanafaa. Katika miezi ya mishono mingi hutoa kitu cha zaidi kwa hiari, wala hakiandikwi. Ile 1,200,000 iliandikwa kuwa ni fungu lake katika kiwanja, wakatia sahihi wote wawili na mashahidi wawili.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba jambo hili halikuwa na hasara. Ujenzi umesimama. Matofali waliyokwisha kuyafyatua yangali kiwanjani yakiota majani, na kijana alituambia kwamba akipita pale moyo humuuma. Lakini mke yu nyumbani kwake, na mtoto ameanza kutambaa.

Nasaha zetu

Kwa vijana wanaoposa: semeni habari za fedha kabla ya nikahi. Mwanamume aseme pato lake kwa ukweli, na madeni yake, na wazazi anaowatunza. Mwanamke aseme kama anataka kufanya kazi au la, na kama ana ndugu anaowasomesha. Kuona haya siku ile huleta aibu kubwa baadaye.

Kwa waume: mkeo akikupa, mshukuru; asipokupa, usimnunie. Usiulize namba yake ya siri ya simu, wala usimkataze kuwapa wazazi wake katika mali yake. Bibi Maymuna (r.a.) alimwacha huru mjakazi wake kabla ya kumwambia Mtume (s.a.w.), naye hakumlaumu kwa kutoomba ruhusa, alimweleza tu kwamba lau angewapa wajomba zake, thawabu zake zingekuwa kubwa zaidi.

Kwa wake: haki yenu ni ya wema kwa kadiri ya hali ya mume, si kwa kadiri ya harusi ya jirani. Mume anayeleta chote alicho nacho hakudhulumu, hata kikiwa kidogo. Nawe ukimsaidia, usimsimange mbele ya watoto, kwani masimango hubatilisha sadaka kama tulivyofundishwa katika sura ya Al-Baqara, aya ya 264.

Na kwa wote wawili: kila mwezi muwe na siku moja ya kuketi na kutazama hesabu, baada ya kula na mtoto akiwa amelala. Tengeni mambo matatu: lililo haki, lililo zawadi, na lililo mkopo au ushirika. La kwanza litekelezwe, la pili lishukuriwe, na la tatu liandikwe. Nyumba nyingi zilizovunjika mbele yetu zilivunjika kwa sababu zawadi ilidaiwa kama haki, au mkopo ulisahauliwa kama zawadi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, chache na nyingi, na azitie nyumba zetu mapenzi na huruma. Amin.